Njia hukatika kabla ya nyumba: shajara ya mradi wa mafuriko, Tana Delta

Mradi huu ni wa vijiji vichache vya mtoni karibu na Garsen, kaunti ya Tana River. Ndani yake wamo wakulima, wafugaji, vijana wa boda boda, walimu wa shule ya msingi na kamati ya maafa ya lokesheni. Tunachotaka ni kwamba mto ukijaa tena, kila mtu awe ameshapanda juu kabla njia haijafungwa na maji. Naandika kila hatua hapa ili vijiji vingine vya Tana, kuanzia Madogo hadi Kipini, vichukue kinachowafaa.

Desemba

Vuli imepita na mto haukutoka kingoni. Ndiyo sababu tumeanza sasa. Maji yakija kila mtu huuliza kamati iko wapi, na yakishuka hakuna tena anayeiulizia. Safari hii tumekutana ardhi ikiwa kavu, kila mtu akiwa na usingizi wake wa kutosha na subira ya kusikilizana.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kumbukumbu. Wazee walianza na mafuriko ya 1961, wakaja El Niño ya 1997 na 1998. Vijana wakaendeleza: masika ya 2018, vuli ya 2019, vuli ya 2023, kisha Aprili na Mei 2024. Tuliandika yote ubaoni. Orodha hiyo ina mapengo marefu mwanzoni, lakini kuelekea mwisho haina nafasi ya kuvuta pumzi.

Mzee mmoja alitueleza jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifikiria. Kabla ya mabwawa, mto ulikuwa ukitoka mara kwa mara na kiasi, watu wakapanda mpunga nyuma ya maji, na kila ukoo ukajua mahali pa kujenga na mahali pa kuacha. Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, mafuriko madogo yakapungua. Watu wakashuka: mashamba yakashuka, kisha nyumba zikayafuata mashamba. Mafuriko makubwa hayakupungua kwa kiasi hicho, kwa sababu bwawa lililojaa haliwezi kushika tena. Leo tunaishi mahali ambapo babu zetu walipaachia mto.

Tukaelewana pia kwamba si mvua yetu inayotufurisha. Tana inatoka Aberdare na Mlima Kenya, inapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu inateremkia tambarare kupitia Garissa na Hola hadi kwetu. Masinga ikifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, imejaa, na kinachoingia juu yake lazima kitoke. Maji hayo hutufikia siku kadhaa baadaye, mara nyingi jua likiwa linawaka na vumbi likitimka barabarani. Kwa hiyo anayesoma utabiri wa Garsen peke yake amesoma nusu ya habari. Tumeamua kufuatilia utabiri wa nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, ule wa Idara ya Hali ya Hewa, pamoja na vina vya mto kule Garissa.

Januari

Kazi kubwa ya mwezi huu ilikuwa nguzo na usawa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mradi ulipobadilika sura.

Mpango wa mwanzo ulikuwa mwepesi: kusimamisha nguzo ya zege mtoni, kuipaka kijani chini, njano katikati na nyekundu juu, na maji yakifika nyekundu watu waondoke. Swali likawa nyekundu ianzie wapi. Wengi walisema ianzie pale maji yanapokaribia kizingiti cha nyumba ya kwanza ukingoni. Ilionekana sawa kwa kila mtu, pamoja na mimi.

Fundi mmoja wa ujenzi, kijana wa hapa hapa, akaomba tupime kwanza. Alikuja na mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ule mafundi hutumia kusawazisha msingi. Unaujaza maji, unagongagonga mpaka povu la hewa litoke lote, mmoja anashika ncha hii kwenye nguzo, mwingine anashika ncha ile ukutani. Maji ya ncha zote mbili yakitulia, yako usawa mmoja. Unatia alama ya chaki. Kutoka alama hiyo unaenda nyumba inayofuata, kisha inayofuata, hadi umemaliza kijiji. Hauhitaji umeme wala kompyuta. Watoto wa darasa la sita walishika daftari na kuandika.

Kwenye nyumba kadhaa, akina mama walitupeleka nyuma ya mlango, pale rangi haikurudiwa, na kutuonyesha mstari wa tope wa 2024. Ulikuwa bado upo, mwembamba, rangi ya chai ya maziwa. Tulipima mistari hiyo pia. Iliafikiana vizuri kutoka nyumba hadi nyumba, tukajua mpira unasema kweli.

Tulipochora vipimo vyote ubaoni, kikao kilinyamaza. Nyumba za ukingoni, tulizodhani ndizo za hatari zaidi, ziko juu. Mahali pa chini kabisa ni nyuma ya kijiji, mbali na mto, kwenye bonde la mpunga ambalo njia ya kwenda barabara kuu inalikata katikati. Sababu yake ni mto wenyewe. Kila unapofurika, mchanga na tope zito huanguka karibu na ukingo, na tope laini hubebwa mbali zaidi. Miaka kwa miaka ukingo huinuka kama tuta na ardhi ya nyuma hubaki chini. Kwa hiyo maji hayaanzi kwa kupanda ukingo na kugonga mlango. Huingilia mdomo wa mfereji wa zamani ulio upande wa juu wa mto, kabla ya kijiji, yanazunguka kwa nyuma, yanajaza bonde. Mtu amekaa barazani kwake pakavu, anautazama mto mbele yake na kusema bado, kumbe mgongoni ameshafungiwa.

Kwa vipimo vyetu, njia inakuwa na maji ya magotini wakati kizingiti cha nyumba ya kwanza kimebakisha karibu mita moja. Na maji ya magotini yanayokimbia si ya kuchezea. Sentimita 15 tu za maji yenye kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na 60 hubeba magari mengi. Njia ikikatika, watu huanza kutegemea mashua, na mashua zina ajali zake. Mwishoni mwa Aprili 2024, barabara ya Garissa ikiwa imemezwa, mashua iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda karibu na Madogo na roho zikapotea. Wengi hapa wana jamaa huko, hawahitaji kukumbushwa.

Basi nyekundu ikashushwa. Sasa inaanzia usawa ambao maji huingia kwenye mdomo wa mfereji, na njano iko chini ya hapo. Haikupita bila maneno. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Mwataka tuhame maji yakiwa bado mtoni?" Mama mmoja akamjibu kwa heshima zote: "Baba, mwaka ule tulingoja yafike mlangoni. Wewe ulitoka kwa mtumbwi, alhamdulillahi. Mbuzi wako walitokaje?" Mzee akakaa. Siku ya kupaka rangi alikuja mapema na brashi yake mwenyewe.

Kutokana na vipimo hivyo tumepata pia orodha ya nani atangulie. Kaya za bondeni zinaondoka kwenye njano, pamoja na wazee, wajawazito, wagonjwa na watoto wadogo wa kijiji kizima. Waliobaki wanaondoka nyekundu ikianza kulowa. Hakuna anayengoja kuona maji kwake.

Februari

Njia. Tuna njia moja ya kuaminika kwenda juu, na sehemu kubwa yake ilikuwa imemezwa na mathenge. Mti huu uliletwa ukanda wetu miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, na sasa umeziba mifereji, malisho na mapito. Mwiba wake unatoboa tairi la pikipiki na soli ya kandambili. Ukiukata juu ya ardhi unachipua maradufu, kwa hiyo vijana walichimba na kukata kisiki chini ya ardhi. Ni kazi ya kuumiza mikono. Kuni na mkaa uliopatikana uliuzwa na pesa zikalipia rangi na saruji, jambo lililofanya wengi wajitokeze.

Kikao kigumu zaidi mwezi huu kilikuwa cha malka, mapito ya mifugo kwenda mtoni. Malka moja inakutana na njia yetu kabla ya bonde. Hebu fikiria watoto, wagonjwa, magodoro na ng'ombe mamia wote pale, kwa saa ile ile, gizani. Baada ya umwagaji damu wa 2012 kati ya wafugaji wa Orma na wakulima wa Pokomo hapa Tana Delta, hakuna mtu anayelichukulia suala la njia ya mifugo kuwa dogo, nasi hatukulichukulia hivyo. Wazee wa Orma na wa Pokomo walitembea njia nzima kwa miguu, wakasimama kila kona, wakakubaliana: mifugo ianze kutoka kwenye njano, siku hiyo hiyo, kupitia malka ya juu, na njia ya bondeni iachiwe watu. Wakulima nao wamekubali mifugo ikate kona ya mashamba mawili kufika huko, na wenye mashamba walitaja wenyewe wapi.

Mfugaji mmoja alileta hoja iliyobadilisha mpango. Mwaka wa mvua za kawaida, masika yakianza mifugo iko mbali bara, kwa hiyo si tatizo. Hatari ni mafuriko yanayofuata ukame. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, ulisukuma mifugo yote iteremke deltani kutafuta majani, kisha vuli ya 2023 ikaleta maji juu yao. Ndiyo maana sasa tunasoma pia taarifa ya kila mwezi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Tukiona kaunti iko katika hali ya tahadhari au zaidi msimu ukikaribia, tunajua idadi ya mifugo deltani itakuwa kubwa na tunaanza kuihamisha mapema zaidi. Ukame na mafuriko vina ofisi tofauti na semina tofauti, lakini hapa vinapita kwenye malka moja.

Chanjo. Tumewasihi wafugaji wachanje mbuzi, kondoo na ng'ombe dhidi ya homa ya Bonde la Ufa sasa. Mlipuko wa 1997 na 1998 na ule wa 2006 na 2007 ulifuata mvua kubwa, na kaskazini mashariki pamoja na kaunti yetu tuliumia. Ugonjwa ukishaingia, kuchanja kundi kwa sindano ile ile kunaweza kuusambaza zaidi. Dalili ya kwanza tuliyoibandika kila mahali: mbuzi au kondoo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, usiguse kwa mikono mitupu, usichinje, mpigie afisa wa mifugo.

Machi

Ujumbe. Watu hawakosi habari, wanakosa habari inayowaambia la kufanya. Tangazo la "mvua juu ya wastani" ni la kweli na lina kazi yake kwa wataalamu, lakini mama mwenye watoto wanne hawezi kulitumia kuamua kama alale kwake usiku wa leo. Kwa hiyo tumeandika ujumbe mapema, tukaukariri. Wa njano unasema: "Nguzo iko njano. Bondeni, wazee, wajawazito, watoto na mifugo waondoke leo kabla ya magharibi." Wa nyekundu unasema: "Nguzo iko nyekundu. Wote tokeni sasa." Hakuna neno la kuongeza.

Habari za juu zinatufikia kwa simu: jamaa wa Garissa anasoma kipimo cha mto asubuhi, wa Hola anathibitisha, na sisi tunalinganisha na ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tumesisitiza sana hili la kuthibitisha. Uvumi wa "bwawa limepasuka" ulitapakaa 2024, ukawakimbiza watu bila sababu, na siku iliyofuata hata tangazo la kweli likakosa wasikilizaji.

Hatutegemei simu peke yake. Umeme ukizima, mtandao haukawii kuzima. Tena wanawake wengi hapa hawana simu yao wenyewe, na simu ya nyumba iko mfukoni mwa baba aliyeko Malindi. Basi kipaza sauti cha msikiti na cha kanisa vimefungiwa betri ya sola, na kila kundi la nyumba lina mtu mwenye filimbi na orodha ya anaowagongea mlango. Wengi wa wenye filimbi ni wanawake. Ndio wanaojua nani amejifungua, nani ana kifafa, bibi yupi hasikii vizuri.

Aprili

Zoezi. Tulilifanya mara mbili, mchana na jioni, kabla mvua haijakaza. Mchana ulikwenda vizuri mno kiasi kwamba haukutufunza lolote. La jioni lilitufungua macho.

Ufunguo wa shule tunayokimbilia ulikuwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa safarini. Sasa kuna funguo tatu katika nyumba tatu. Mzee anayetumia kiti cha magurudumu alikwama kwenye mchanga mapema tu, vijana wakambeba mgongoni, na alituambia wazi kwamba hakupenda kubebwa kama gunia. Mkokoteni wa punda wa jirani yake ndio usafiri wake sasa, ameuchagua mwenyewe. Lakini kubwa kuliko yote ni choo. Akina mama kadhaa walifika shuleni, wakatazama vyoo viwili vya shimo visivyo na milango, wakasema yangekuwa mafuriko ya kweli wangerudi kwao. Sikuona mtu yeyote wa kuwalaumu. Mtu hawezi kukaa wiki tatu mahali ambapo anangoja giza ndipo ajisitiri. Na choo kibovu kambini ndiyo njia fupi ya kipindupindu. Tumeacha kila kitu kingine kwa muda, tumechimba vyoo vipya upande wa juu wa uwanja, vya wanawake mbali na vya wanaume, vyenye milango na komeo ya ndani. Visima vya chini vitakuwa vimelowa maji machafu, hivyo matangi ya shule yamesafishwa na vidonge vya klorini vimewekwa kwa muuguzi wa zahanati.

Kila nyumba imeandaa ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana, ile ya mafuta ya kupikia. Ndani yake: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, dawa za kila siku, kiberiti. Waliopoteza vitambulisho 2024 ndio waliokuwa wa kwanza kuandaa. Mbegu za mahindi na mpunga tumezihifadhi shuleni kwenye mapipa, kwa sababu maji yakishuka udongo unakuwa na unyevu wa kupandia papo hapo, na asiye na mbegu siku hiyo hukosa msimu mzima.

Mei

Mto ulipanda. Habari ilitoka Garissa asubuhi, Hola wakathibitisha, na kwetu hapakuwa na wingu. Nguzo ilipofika njano alasiri, filimbi zilianza.

Mifugo ilitoka kwanza kupitia malka ya juu, kama ilivyokubaliwa, vumbi likafunika kila kitu kwa muda. Kaya za bondeni zikafuata. Wawili watatu walikataa, wakasema mto hautavuka. Hatukuwalazimisha, ila mwenye filimbi wao alibaki karibu hadi usiku wakaondoka wenyewe baada ya kusikia maji kwenye mfereji. Asubuhi bonde lilikuwa na maji ya kuvuka kwa shida. Mbele ya nyumba za ukingoni palikuwa pakavu kabisa, kuku wanachakura. Wazee waliokuwa na shaka Januari walikwenda kutazama wenyewe.

Maji yalisimama mwanzoni tu mwa nyekundu, yakaanza kushuka. Hayakuwa mafuriko makubwa. Waliohama walirudi siku chache baadaye, wengine wakinung'unika kwamba wamehamishwa bure. Nimewasikiliza na naelewa. Kuhama kunagharimu: siku za kibarua zinapotea, mahindi mabichi yanaibwa, mtoto anakohoa. Kwa hiyo tumekaa na kamati ya ulinzi wa kijiji kupanga doria ya mashamba, na tumekubaliana kwamba wakati wa njano vibarua vya shamba la kikundi vipewe waliohama. Tusipowapunguzia gharama hiyo, msimu ujao watakaokataa watakuwa wengi zaidi.

Juni na Julai

Pesa. Katiba ya 2010 imeweka udhibiti wa maafa mikononi mwa serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake. Hazina hiyo ni ya jambo lililokwisha kutokea. Sisi tunachohitaji ni kazi ya kabla: kuinua njia ya bondeni na kutia kalavati chini yake ili maji yapite bila kuikata. Huo ni mradi wa maendeleo wa kawaida, na mlango wake ni mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kaunti inapaswa kuufikisha kwenye bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba. Watu wetu wengi walikuwa wakihudhuria vikao vya bajeti vya mwezi wa Aprili tu, wakati miradi imekwisha kupangwa.

Safari hii tumepeleka maoni mapema, kwa maandishi. Hatukuandika malalamiko. Tumeambatanisha ramani ya usawa, picha za mistari ya tope nyuma ya milango, na orodha ya kaya zinazofungiwa na maji bondeni. Msimamizi wa wadi alikuja kuona, akatembea njia nzima, na akaomba nakala ya vipimo.

Kabla ya vuli zimebaki kazi hizi: kurudia rangi ya nguzo, maana njano imechubuka kwa magogo yaliyobebwa na maji, kung'oa machipukizi ya mathenge yaliyorudi kwenye kona mbili, kumpata mtu wa pili Garissa wa kusoma kipimo, yule wa kwanza anahamia Mombasa, na kuupeleka mpira wa fundi ng'ambo ya mto, ambako vijiji viwili vimeomba tuwapimie nao wajue maji yao huanzia wapi. Fundi amesema atakwenda wakimaliza kuvuna mpunga.